Tulivyokutana Kwenye Benchi la Hospitali

Ugonjwa wangu ulianzia kwenye taya. Nilikuwa naamka asubuhi meno yameumana kama mtu aliyeng'ata kamba ya ndama mkaidi, na nikifungua mdomo ninywe uji, mfupa unalia karibu na sikio. Nikadhani ni jino. Nikasukutua kwa maji ya chumvi, nikapakaa karafuu, nikamwonyesha jirani kila jino akaligusa kwa kidole. Yote yalikuwa mazima.

Wakati huo Bariadi ilikuwa bado wilaya ya mkoa wa Shinyanga. Simiyu kwetu lilikuwa jina la mto tu. Mimi nilikuwa fundi cherehani. Nilikaa kwenye baraza la duka la vitambaa karibu na soko, na kwa miaka mingi baraza lile lilinilea mimi na watoto wangu watatu. Watu wakishauza pamba walikuja na familia nzima. Baba anataka suruali ya kwendea kanisani, mama anataka gauni lenye mikono ya puto, watoto wanasimama wima kama askari nikiwapima sare. Msimu wa pamba nilikuwa nakula chakula cha mchana huku mguu uko kwenye pedali.

Kisha likaja soko huria. Wengine watalieleza kwa maneno ya vitabu. Mimi nililiona likishuka kutoka kwenye malori. Marobota ya pamba yalikuwa yanatoka Bariadi, na marobota ya mitumba yanaingia. Siku ya mnada yalifunguliwa chini, kwenye turubai, na watu wakainama kama kuku kwenye mtama. Mteja wangu wa siku nyingi, mke wa mwalimu, alinijia barazani na blauzi ya mtumba mkononi. "Tazama, fundi," akasema, "hata uzi haujakatika." Hakuwa na ubaya. Alitaka nifurahi naye. Nikaigeuza blauzi ndani nje, nikasifu mshono, nikamrudishia.

Mume wangu alikuwa fundi mitambo kwenye kiwanda cha kuchambua pamba cha ushirika. Alikuwa mtu wa kelele: alizoea kuongea kwa sauti juu ya ngurumo za mashine, hata nyumbani alikuwa anaomba chumvi kama anamwita mtu ng'ambo ya mto. Waliporuhusiwa wanunuzi binafsi, wakaingia vijijini na magari yao na fedha taslimu, pamba ikaanza kupita mbele ya kiwanda chetu bila kupinda. Msimu mmoja ulifunguliwa na mashine hazikuwashwa kabisa. Wafanyakazi wakaambiwa waende nyumbani, wataitwa.

"Wataniita tu," mume wangu alisema. "Kiwanda kile hakiwezi kuendeshwa na popo."

Kila asubuhi alioga, akavaa shati safi, akaondoka akipiga mluzi. Jioni alirudi na vichekesho vya mjini, watoto wakacheka hadi wakapaliwa. Akila alikata matonge mawili matatu, akasukuma sahani. "Nimekula kwa rafiki," alisema. Mimi nilimtazama nikamwonea wivu, kisha nikamkasirikia. Mtu amesimamishwa kazi, anapiga mluzi. Nani sasa anayebeba nyumba hii? Lakini sikusema. Mama yangu alinifundisha kwamba mwanamke mwenye akili hamwongezei mzigo mwanamume aliyejikwaa. Nikafunga mdomo, na nadhani ndiyo maana ugonjwa uliniingilia palepale.

Kutoka kwenye taya ulishuka shingoni. Nikawa siwezi kugeuka kumwitikia mtu bila kugeuza kiwiliwili chote, kama maksai aliyefungwa nira. Kisha mabega. Kisha vidole vya mkono wa kushoto vikaanza kufa ganzi nikishika kitambaa. Kwenye duka la dawa nilipewa vidonge vya malaria ingawa sikuwa na homa, nikavimeza, masikio yakavuma, ugonjwa ukabaki. Jirani aliyenikagua meno akabadilisha mawazo. "Hilo si jambo la mwili," akaninong'oneza. "Kuna mtu anaitolea macho cherehani yako." Wifi yangu naye alikwenda hadi kijiji cha Zagayu kwa mfumu mmoja mzee, mganga wa ukoo wao, akaniletea mizizi ya kuchemsha. Alitembea jua kali kwa ajili yangu, sikuweza kukataa. Niliinywa. Ilikuwa chungu kiasi kwamba kwa siku nzima sikulikumbuka taya.

Siku iliyonitisha kweli nilikuwa nampima bibi harusi. Ilikuwa kazi ya kwanza ya maana baada ya muda mrefu, na nilikuwa nimeing'ang'ania kama mtu anayezama. Nilikuwa nimepiga magoti nikibana upindo kwa pini. Ghafla moyo ukaanza kukimbia. Nilikuwa nimetulia, hakuna aliyenishtua, lakini moyo unadunda kooni, jasho linanitoka mgongoni, na pini zikanidondoka zikatawanyika sakafuni.

"Fundi, unaumwa?" binti akauliza.

"Hapana. Ni njaa tu."

Nikakaa pale chini nikijifanya naokota pini. Nilimkumbuka baba yangu mdogo aliyeanguka kwenye shamba la pamba akiwa na gunia begani, hakuamka. Nikawatazama watu wanavyopita barabarani na baiskeli zao, nikawaza: nitakufa hapa, mbele ya bibi harusi wa watu, na nguo haijaisha.

Kesho yake nikaamua kwenda hospitali. Sikutaka mume wangu ajue. Asubuhi nilimwambia kuna usafi wa kanisa, zamu ya jumuiya yetu. Naye akaniambia anakwenda Maswa. Amesikia kwamba mnunuzi mmoja wa pamba anajenga ghala kulekule, upande wa Binza, na anatafuta mtu wa mitambo. "Mungu akutangulie," nikamwambia. Akachukua baiskeli, akapiga mluzi, akaondoka.

Pale kwa wagonjwa wa nje palikuwa na mabenchi mawili marefu, moja mbele ya jingine, yote yanatazama mlango wa daktari. Nikakaa la nyuma. Mbele yangu kulikuwa na migongo: kina mama wenye watoto, mzee aliyefungwa kitambaa mguuni, na mwanamume mmoja aliyejikunja amekandamiza ngumi chini ya kifua. Sikumtambua kwa mgongo, maana mume wangu hakuwahi kukaa amejikunja. Nilimtambua kwa kola. Kola ile ilikuwa imechakaa upande wa juu, na mimi mwenyewe niliifumua, nikaigeuza, nikaishona tena. Fundi hawezi kusahau mshono wake.

Wazo la kwanza lilikuwa kukimbia. Nikanyanyuka. Mama aliyekaa karibu nami akadhani namsogelea daktari. "Kaa, mama, foleni bado," akasema kwa sauti, na ile sauti ikamgeuza mume wangu.

Tulitazamana. Uso wake ulikuwa wa kijivu, sijui kwa nini nilikuwa sijauona ulivyokuwa umekonda.

"Usafi wa kanisa umehamia huku?" akauliza.

"Na Maswa umefika?"

Hakuna aliyecheka. Bibi mmoja aliyekaa pembeni yake alitutazama wote wawili, akajikokota hadi mwisho wa benchi. "Njoo ukae hapa, mayu," akaniambia, yaani mama. "Kama mna ugomvi, umalizieni karibu, tusije tukasikia sote."

Nikaenda kukaa pembeni ya mume wangu.

"Unaumwa nini?" akauliza, kwa sauti ya chini ambayo sikujua kama anayo.

"Sijui. Taya, shingo, mkono. Jana moyo ulinikimbia nikadhani nakufa. Wewe?"

"Tumbo. Linaungua kama nimemeza kaa."

"Tangu lini?"

"Tangu mashine zizimwe."

"Na huyo rafiki unayekula kwake?"

Akatazama mikono yake. "Hakuna rafiki."

Jina lake lilipoitwa nilisimama naye, na tukaingia pamoja. Daktari alikuwa mama wa makamo aliyevaa sweta juu ya koti jeupe. Alianza na mume wangu, akambonyeza tumbo, akauliza anakula nini, anakunywa nini. Ikatokea kwamba kichwa kilikuwa kinamuuma kila siku na alikuwa anameza aspirini asubuhi na jioni bila kula kitu. "Hiyo inaunguza tumbo lililokwishaungua," daktari akasema. "Iache leo hii." Kisha akanifunga mkono kwa kile kitambaa cha kupima presha, akakijaza upepo, akasikiliza. Akaniacha nipumzike kidogo, akapima tena.

"Presha yako iko juu, mama."

"Mimi si mnene," nikasema. Nilidhani presha ni ya watu wanene.

"Haichagui. Nyumbani kuna nini?"

Nje mtoto alikuwa analia. Mume wangu akasema, "Kiwanda kimesimama."

"Na mitumba imeingia," nikasema mimi. "Mimi ni fundi wa nguo."

Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza mambo yale mawili kusemwa ndani ya chumba kimoja, na aliyeyasikia wa kwanza alikuwa mtu tusiyemjua.

Daktari akaweka kalamu chini. Alituuliza kama tumewahi kukutana na fisi. Mume wangu akasema amekua akichunga ng'ombe, fisi anawajua. "Basi unajua mwili unavyofanya," daktari akasema. "Moyo unakwenda mbio, damu inapanda, misuli inakaza, meno yanaumana, tumbo linaacha kazi yake. Hiyo ni akiba ya kukimbilia. Fisi akienda zake, mwili unatulia. Sasa nyinyi fisi wenu haondoki. Mnakula naye, mnalala naye, asubuhi mnamkuta. Mwili ukikaa hivyo miezi na miezi, unachakaa."

"Kwa hiyo ni mawazo tu," mume wangu akasema, kama mtu aliyeona aibu kwa kupoteza muda wa watu.

"Sikusema 'tu'. Mawazo yako yamekutoboa tumbo, au yanakaribia. Ya mke wako yamepandisha damu. Hamkujitungia ugonjwa." Akatuandikia dawa. Akatuambia tule kwa saa, chumvi tupunguze, tutembee kila siku, na turudi tupimwe. Tulipokuwa tunanyanyuka akaongeza, "Dawa ya kiwanda sina. Lakini hili la kila mmoja kuficha lake, mnaweza kuliacha hapahapa."

Tulirudi nyumbani kwa miguu, yeye akikokota baiskeli. Tulipita njia ya mtoni. Kilikuwa kiangazi, mto umebaki mchanga, na wanawake walikuwa wanachimba visima vya mchangani wakichota maji kwa vikombe. Tukakaa ukingoni. Ndipo akanieleza kwamba siku zote zile, na shati lake safi, alikuwa anakwenda hadi nyuma ya uzio wa kiwanda. Mlinzi anampa kigoda, wanakaa kimya, anasikiliza. "Unasikiliza nini?" nikamuuliza. Akasema alikuwa anasikiliza kama kuna mtu ataiwasha mashine hata moja. Mchana ukipita anazunguka mjini akikusanya vichekesho vya kuja kutuambia.

Na mimi nikamweleza langu. Siku ambazo sikuwa na kazi, na zilikuwa nyingi, nilikuwa na kipande kimoja cha kaniki. Asubuhi nakishona, jioni nakifumua, kesho nakishona tena, ili wapita njia wasione fundi amekaa bure.

"Kipande kilekile?"

"Kilekile. Kimekuwa matundu matupu."

Akaanza kucheka. Alicheka kwa sauti yake ya zamani, ya kiwandani, wanawake kule mtoni wakainua vichwa. Nami nikacheka, na katikati ya kicheko nikajikuta nalia, na sikujizuia. Alishika tu shingo yangu kwa nyuma, pale palipokuwa pamekaza, akaiacha mikono yake pale hadi nikamaliza.

Sitasema tulipona siku ile. Kesho yake niliamka taya limebana vilevile. Lakini nilimwambia. Hilo ndilo lilikuwa jipya. Nilimwambia kama unavyomwambia mtu mvua imenyesha, naye akaniambia tumbo limeamkaje, tukanywa uji wa mtama wote wawili kabla ya kutoka.

Polepole tukajiwekea taratibu. Asubuhi alinisindikiza hadi barazani kwa miguu kupitia njia ndefu, ile inayozunguka malambo ya ng'ombe, na hatukuzungumza habari za kazi njiani. Jioni, nikikaa kuchambua mboga, alivuta kigoda tukasema yote ya siku ile: nani alipita, nini kilinichoma moyo, tetesi gani zimesikika za kiwanda. Ugali ukishasongwa, tunaacha. Binti yetu wa mwisho aliushika utaratibu huo kuliko sisi. Akiona sahani zimewekwa na baba yake bado anaendelea, alisema, "Baba, ugali umeiva, kiwanda kimefungwa." Na baba yake alitii.

Kanisani nilirudi kwenye kwaya niliyokuwa nimeiacha. Mwalimu wetu wa kwaya alikuwa na maneno yake ya kila siku: vuta pumzi ya tumboni, usiinue mabega. Nilikuwa nimeyasikia tangu usichana na sikuyatia maanani. Sasa, nikikaa kwenye cherehani, niligundua mabega yangu yalikuwa yamepanda hadi masikioni bila mimi kujua. Nikawa nayashusha. Nashona upindo mmoja, nayashusha, navuta pumzi ya tumboni. Siku nyingine nilisahau hadi jioni. Lakini ganzi ya vidole ilianza kuchelewa kuja, na kuna siku haikuja.

Kisha tangazo likasomwa kwenye geti la kiwanda. Lilikuwa jambo tuliloliona likija, na bado lilitupiga. Mume wangu alirudi mchana, bila mluzi, akaketi uani kwenye jua. Watoto walikuwa wametoka shule. "Wamesoma majina ya waliopunguzwa," akasema. "Langu limo." Akafunika uso, akalia mbele ya watoto. Mkubwa wetu, kijana wa darasa la saba, hakuwahi kuona kitu kama kile, akatoka nje ya ua akasimama akitupa mgongo.

Nilihisi taya likifunga, taratibu, kama mlango unaosukumwa na upepo. Zamani ningenyamaza, ningekwenda kupika. Nikasema, "Taya limeanza."

Akafuta uso. "Na tumbo."

"Basi tusikae hapa."

Tulimwachia wifi yangu nyumba na watoto, tukapanda baiskeli kwenda kwa kaka wa mume wangu, kijijini upande wa Itilima. Kaka yake ni mfugaji na mkulima, mtu wa maneno machache ambaye hakuwahi kuajiriwa na yeyote. Tulimkuta anatengeneza zizi. "Mwadila," akatuamkia, akauliza kama ilivyo desturi yetu, "Mhola?"

Kwetu Usukumani jibu la salamu hiyo ni moja. Uwe umefiwa, uwe umeibiwa ng'ombe, unajibu kwanza mhola, amani, ndipo mengine yafuate baadaye, kwa mzunguko, kama yatafuata. Nimewasikia watu wakijibu hivyo wakiwa wamebebwa kwenye machela.

Mume wangu akasema, "Si mhola, kaka."

Kaka yake akaacha kufunga mti aliokuwa anafunga. Akaweka panga lake chini. "Basi kaa," akasema. "Sema."

Tulikaa kwake siku kadhaa. Hakuwa na ushauri mwingi. Alisikiliza, akamwita mkewe atuletee maziwa ya mgando, akasikiliza tena. Alipoona tumemaliza, alitupeleka bondeni akatuonyesha sehemu ya majaruba yake ya mpunga ambayo hakuwa ameilima msimu uliopita. "Mvua zikija," akasema, "hapa ni penu. Mnalima na watu wangu."

Mvua zilikuja vizuri mwaka ule. Jumamosi tulikuwa tunakwenda kulima na kundi la vijana na wanawake wa kijiji, wale wanaokwenda shamba kwa shamba, ngoma mbele na majembe nyuma. Sikuwa nimeshika jembe namna ile tangu nikiwa msichana. Mpigaji anaanza, mwimbaji anatupa neno, majembe yanapanda yote pamoja na kushuka yote pamoja, na huwezi kuwaza mitumba huku jembe la mwenzako linakuja sambamba na lako; ukiwaza utamkata mtu kidole. Siku ya kwanza nilitoka na malengelenge viganjani na kiuno kinawaka. Mume wangu alikuwa na tope hadi kwenye nyusi. Lakini niliiona tofauti. Uchovu wa mawazo unaamka nao. Uchovu wa jembe nilikuwa naulaza, asubuhi sioni alama yake isipokuwa kwenye misuli.

Tuliporudi kupimwa, daktari alibonyeza mpira wake wa kupimia presha, akasikiliza, akaandika. "Imeshuka," akaniambia. "Haijafika ninapopataka, lakini imeshuka. Vidonge usiache." Mume wangu alikuwa ameongezeka mwili. Daktari alimwuliza kama amepata kazi. Akasema bado. Daktari akamtazama tena, kama anayetaka kuhakikisha, kisha akawaita wenye zamu inayofuata.

Kazi ilikuja kwa njia ambayo hatukuitafuta. Miaka ileile ya soko huria, watu wenye uwezo walianza kununua mashine za kusaga na kuzipeleka vijijini. Wauzaji walikuwa wengi na mafundi hawakuwepo. Kijijini kwa shemeji yangu kulikuwa na mashine iliyofungwa kwa mbwembwe, ikasaga miezi michache, ikanyamaza. Wanawake walikuwa wamerudia kutwanga na kwenda mbali na madebe kichwani. Shemeji alimtaja mdogo wake kwa mwenye mashine, bila hata kumwuliza mwenyewe.

Na mimi, barazani, nilikubali nilichokuwa nimekikataa. Watu walikuwa wananiletea makoti ya mitumba yenye mabega ya majitu na suruali za kuwatosha watu wawili, wakiomba nipunguze. Mwanzoni nilijisikia kama ninayeosha vyombo vya karamu ambayo sikualikwa. Kisha nikaona kwamba kumfanya mtu akae vizuri ndani ya nguo ni ufundi uleule. Sare za shule nazo mitumba haikuziweza. Kaniki yangu yenye matundu nikaifanya kitambaa cha kufutia cherehani.

Mke wa mmoja wa waliopunguzwa pamoja na mume wangu alikuja siku moja na sketi ya kupunguza. Nikamwona hageuzi shingo. Anageuka mwili mzima. Nilimwuliza, "Asubuhi taya lako likoje?" Akalishika kwa kiganja. Hatukupunguza sketi siku ile. Nilifunika cherehani, nikampeleka hospitali, na nikakaa naye kwenye benchi. Baada yake walikuja wengine, na tukawa kundi la wanawake tunaotembea asubuhi kwenye malambo kabla ya kazi. Watu walidhani tunakwenda kuchuma mboga.

Siwezi kusema maradhi yaliisha. Hadi leo nameza vidonge vya presha, na kijana wetu alipofeli mtihani wa kwanza taya lilifunga kwa wiki nzima. Mume wangu hawezi pilipili, na habari mbaya akizisikia anatafuta maziwa kwanza. Tofauti ni kwamba sasa tunaujua mwili wetu unapozungumza, na hatumwachi mwenzetu ausikilize peke yake.

Siku alipokwenda kuijaribu ile mashine ya kusaga, nilifuatana naye. Alikuwa ameitengeneza kwa muda, akiagiza kifaa huku na huku, na habari zilikuwa zimefika kila kaya. Tulikuta wanawake wamejaa na mahindi yao na mtama, wengine wametoka alfajiri. Mume wangu aliingia kwenye kibanda, akagusa hiki na kile, akapaka mafuta, akazungusha mpini. Ikakohoa ikazima. Akazungusha tena. Ikakohoa, ikatetemeka, ikashika, na kile kibanda chote kikaanza kuunguruma.

Mwenye mashine akamsogelea akamwambia jambo. Mume wangu akaweka mkono sikioni, akamjibu kwa sauti kubwa juu ya ngurumo, kama zamani. Sikusikia walichosema. Mwanamke wa kwanza alikuwa ameshainua debe lake, mahindi yakaanza kushuka, na unga ukatoka wa moto. Mke wa shemeji akaingiza kiganja chini yake, akaonja kidogo, akampungia mwenzake aliye nyuma yake asogee.